Mtupaji akirudi kuwa mwalimu

(Maneno ya mama mwalimu wa michezo mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Kakontwe, kabla ya kura juu ya mfuko wa mwaka. Tumeyaandika kama alivyoyasema, tumefupisha kidogo tu.)



Mu mkutano uliopita, wakati mtunza feza alisoma hesabu, alifika kwenye mustari wa «mwalimu wa kutupa, mupira wa chuma, maji ya watoto». Baba mmoja akasimama akauliza: «Sasa mutu analipwa juu ya kutupa majiwe? Ule Yego wa Kenya alijifunza na telefone, na akakuwa bingwa wa dunia. Batoto betu beko na telefone.» Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu baba alisema vizuri. Lakini komite ilinivuta kando, ikaniambia: mama, utajibu mkutano ujao, mbele ya kura. Njo sababu niko hapa. Nitajibu kwa kuwaambia maisha ya watu wawili waliotupa, mmoja wa karibu na mmoja wa mbali, na kisha nitasema ya hapa kwetu.

Kwa wale wasionijua: mimi ni mtoto wa Pweto. Mwaka 2000, vita ilipofika Pweto, tulivuka tukaingia Zambia, tukakaa mu kambi ya Mwange, upande wa Mporokoso. Kule nilisoma kwa Kingereza mpaka kolegi ya walimu. Kutupa sikukuchagua. Nilitaka kukimbia. Mwalimu wa michezo aliangalia mabega yangu na miguu yangu, akasema: «Wewe, acha kukimbia, kuja huku.» Akaniwekea chuma cha kilo 4 mkononi. Miaka miwili nilisukuma chuma kwa ajili ya kolegi ile, na sahani pia kidogo. Mwaka 2010 kambi ilifungwa, tukarudia. Nilirudia na diploma ya Kingereza, na ofisi moja, sitaitaja, ikanizungusha zaidi ya miaka miwili juu ya karatasi ile. Wengi waliokaa hapa wanajua njia hiyo, hata viti vyake wanavijua. Basi, hayo yanatosha juu yangu.

Tuanze na Yego, kwa sababu baba alimtaja, na alimtaja kwa haki.

Julius Yego alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 kule Nandi, Kenya. Ni inchi ya wakimbiaji. Kule mtoto akisema anataka michezo, watu wanamuonyesha barabara: kimbia. Yeye alipenda kutupa. Alianza na fimbo za miti, wakichunga ng'ombe, kushindana na kaka yake. Mkuki wa kweli alikutana nao baadaye, na mtu wa kumfundisha hakumupata. Basi alikwenda kwenye nyumba za intaneti, analipa dakika zake, anaangalia video za Jan Železný, Mcheki aliyetupa mita 98.48 mwaka 1996, umbali ambao mpaka leo hakuna mtu ameupita, na za Andreas Thorkildsen wa Norway. Anaangalia, anarudi uwanjani, anajaribu. Njo vile walimpa jina la Bwana YouTube. Hayo yote ni kweli, na mimi mwenyewe ninawaambia watoto wangu habari ile.

Lakini tusikilize namba, maana namba za kutupa hazidanganyi, ni mita tu.

Mwaka 2011, kwenye michezo ya Afrika yote kule Maputo, Yego alitupa mita 78.34 akashinda. Hapo alikuwa yule wa video. Kisha shirikisho la riadha la dunia likamlipia kwenda kujifunza Kuortane, Finland, na mwalimu anayeitwa Petri Piironen. Finland ni inchi ya mkuki kama vile sisi ni inchi ya shaba; kule hata mzee wa kijiji atakuambia kiwiko chako kiko chini. Yego hakuhamia kule, alikwenda kwa vipindi, anarudi kwao. Mwaka 2012 akafika fainali ya Olimpiki ya London, akawa wa 12. Mwaka 2013 kule Moscow, mita 85.40, wa ine wa dunia. Mwaka 2014 dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Glasgow. Na mwaka 2015 kule Beijing, mita 92.72, bingwa wa dunia, Mkenya wa kwanza kushinda ubingwa ule kwa mchezo usio wa kukimbia.

Toka 78 mpaka 92. Ni mita 14 na zaidi. Mita 14 ni kutoka hapa niliposimama mpaka kule nyuma, fasi mama yule anapika. Sisemi mwalimu njo alitupa. Nguvu ni ya Yego, moyo ni wa Yego, na miaka inaongeza mtu pia. Ninasema tu: yeye mwenyewe, bingwa wa video, mlango wa mwalimu ulipofunguliwa, aliingia mbio. Hakusema «mimi niko na telefone».

Tena kuna jambo video haionyeshi. Mwaka 2016 kule Rio, Yego alitupa mara ya kwanza mita 88.24, akaongoza wote. Kisha mwili ukakataa, akaumia, akakaa anaangalia Thomas Röhler wa Ujerumani anampita kwa 90.30. Alipata feza, na feza ya Olimpiki si kitu kidogo. Lakini yule ni mtu mzima, na madaktari walikuwa pale. Sasa weka mtoto wa miaka 12, kiwiko chake mfupa haujakomaa, anavuta mkuki kwa mkono peke yake kwa sababu kwenye video mkono njo unaoonekana. Kazi ya kutupa inatoka chini: kisigino, goti, kiuno, kifua, na mkono unakuja wa mwisho kabisa. Mama anayeinua mfuko wa makala kichwani anajua hiyo bila kusoma. Mtoto hajui. Anaona mkono, anatupa na mkono, na kisha mwezi moja kiwiko kinavimba. Yego mmoja tunamjua jina. Wale wengine walioangalia video zilezile na wakaacha na viwiko vibovu, nani anawajua?

Mtu wa pili ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi, maana yeye alitupa akiwa mwanafunzi, akawa bingwa, na kisha akaingia mu masomo kufundisha. Jina lake Harold Connolly, Mmarekani. Nilisikia habari zake mara ya kwanza kule kolegi, kwa mwalimu wangu, siku moja nililalamika kwamba mkono wangu ni mfupi.

Connolly alizaliwa mwaka 1931 karibu na Boston. Wakati wa kuzaliwa aliumizwa mkono wa kushoto: mtoto alivutwa, mishipa ya bega ikaharibika. Bamama wakunga walio hapa wanajua hali ile. Mkono ukakua na uzaifu, ukavunjika mara nyingi katika utoto wake, na alipokuwa mtu mzima ulikuwa mfupi kuliko ule wa kuume kwa sentimita zaidi ya 10, na kiganja kidogo. Mtu wa namna ile, nani angemwambia atupe nyundo? Nyundo ya michezo si ile ya fundi. Ni mpira wa chuma wa kilo 7 na gramu 260, umefungwa kwenye waya wa zaidi ya mita moja, unashikwa na mikono miwili, mtu anazunguka nao ndani ya duara ya mita 2 na sentimita 13, kisha anauachilia. Mikono miwili! Michezo yote ya kutupa, huo njo unaoomba mikono yote miwili iwe sawa.

Yeye mwenyewe alifika kwenye nyundo kwa njia ya kando. Alikuwa mwanafunzi wa Boston College, anasukuma chuma tu. Ili mkono wa kushoto upate nguvu, alikuwa anasaidia watupaji wa nyundo: wanatupa, yeye anaokota kule mbali na kuwarudishia. Anairudisha kwa kuitupa. Na siku zikapita, nyundo anazorudisha zikawa zinapita vichwa vya wale waliozitupa. Hapo mwalimu akaona. Ninapenda sehemu ile kuliko hata ya medali. Kulikuwa na mtu amesimama pembeni na macho, akaona kijana wa kuokota anatupa mbali kuliko watupaji. Kama hakuna mtu wa kuona, Connolly angeokota mpaka mwisho wa masomo na kwenda kutafuta kazi.

Baada ya masomo alikwenda Ujerumani kujifunza kwa Sepp Christmann, mwalimu mkubwa wa nyundo wakati ule. Yeye pia alifuata mwalimu, baba. Alivuka bahari kumfuata.

Alikuwa Mmarekani wa kwanza kupita futi 200, ni kusema karibu mita 61, na mwaka 1956, kabla ya Olimpiki, akavunja rekodi ya dunia kwa mita 68.54. Kule Melbourne alipambana na Mikhail Krivonosov wa Urusi ya Kisovyeti. Alivaa viatu vya wachezaji wa baleti, vile laini, ili miguu ishike duara vizuri. Mwanaume mzito vile, na viatu vya baleti! Alishinda kwa mita 63.19, Krivonosov 63.03. Sentimita 16, ni urefu wa biki hii ninayoishika. Rekodi yake ya mwisho aliiweka mwaka 1965, mita 71.26, akiwa na miaka 33. Alirudia Olimpiki mara tatu nyingine, 1960, 1964 na 1968, na hakupata tena medali. Wengine wanahesabu hiyo kuwa kushindwa. Mimi hapana.

Ni kule Melbourne alikutana na Olga Fikotová, mwanafunzi wa udaktari toka Czechoslovakia, aliyeshinda sahani ya wanawake kwa mita 53.69. Wakati ule dunia ilikuwa imegawanyika, Wamarekani huku na Wakomunisti kule, na hawa wawili wakapendana katikati. Alikwenda kumuoa Prague mwaka 1957, na mashahidi wa ndoa walikuwa Emil Zátopek, yule mkimbiaji mkubwa, na mke wake Dana, bingwa wa mkuki. Maelfu ya watu walijaa njia. Olga akahamia Marekani. Alisema mwenyewe kwamba alitaka kuendelea kushindana kwa inchi yake ya kuzaliwa, na kwao hawakumutaka tena. Basi alishindania Marekani, toka 1960 mpaka 1972, na mwaka 1972 kule Munich Wamarekani walimpa yeye kubeba bendera yao mbele ya ekipe yote. Alikufa mwaka 2024. Ninamtaja kwa sababu sisi hapa tunajua kitu kile. Kule Zambia tulikuwa «Bakongomani», na siku tuliporudia, watoto wetu wakaitwa «Bazambia» mu klasi. Mtoto wangu wa kwanza alipigwa jina lile mwaka mzima. (Ndoa ya Connolly na Olga iliisha baadaye, walipata watoto wanne, sisemi hadithi ya malaika.)

Sasa kwa sisi walimu, sehemu yenye mafuta inaanza baada ya medali.

Connolly alifundisha Kingereza mu masomo ya sekondari kule Santa Monica, California, na baadaye akawa makamu wa mkuu wa masomo. Bingwa wa Olimpiki, anasahihisha makaratasi ya watoto usiku kama mimi na wewe. Alipoacha masomo alifanya kazi miaka 11 na Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, iliyoanzishwa na Eunice Kennedy Shriver mwaka 1968. Alipostaafu, mwaka 1999, alikuwa na miaka karibu 70. Angeweza kukaa chini ya muti. Alirudia nyundo.

Kwa sababu aliona hivi: katika Marekani yote, na utajiri wao ule, nyundo ilikuwa imetoka mu masomo. Wakubwa wa masomo waliogopa hatari, waliogopa majani ya kiwanja kuharibika, na walimu waliojua wakazeeka. Ilibaki jimbo moja dogo tu, Rhode Island, fasi watoto wa sekondari wanashindana nyundo kama mchezo wa kawaida. Sasa yule mzee akaanza kutafuta watoto mmoja mmoja, na kutafuta walimu wa kuwafundisha. Aliandika mafundisho na kuyaweka bure kwenye intaneti. Ndiyo baba, intaneti! Hata yeye aliitumia. Lakini aliitumia kama kengele ya kuita watu, na kisha walikutana uwanjani, anashika mguu wa mtoto na mkono wake anasema: hapa, usiinue kisigino mapema. Alifanya kazi ile mpaka mwisho. Alikufa tarehe 18 Agosti 2010, na miaka 79, akiwa anafanya mazoezi.

Inchi yenye kila kitu ilipoteza mchezo mzima mu masomo kwa kukosa walimu tu. Video hazikukosekana.

Sasa turudie Kakontwe.

Fasi hii inajulikana kwa mawe. Wanaosoma mambo ya udongo wanaita aina nzima ya mawe ya chokaa kwa jina la Kakontwe, na jina lile wanalitumia hata ngambo ya mpaka, kule Zambia. Ni kusema jina la kwetu lilikwenda Zambia mbele yetu, na halikuomba karatasi. Watoto wetu wanakua kati ya mawe, wanatupa mawe toka wanapojua kutembea: kwenye embe, kwenye mbuzi, kwenye bati la jirani. Nguvu iko. Nimeona kijana wa miaka 15 anatupa jiwe kuvuka barabara na kupita ukuta fasi mimi sikuthubutu.

Chuma cha dukani tungepata wapi? Kinatoka mbali na bei yake ni ya mbali. Lakini Likasi ni muji wa viwanda. Ndani ya vinu vya kusaga mawe ya shaba wanatia mipira ya chuma, inazunguka na kuponda. Mpira ule ukiwa mpya, wa sentimita 10, uzito wake ni karibu kilo 4. Ni chuma cha wanawake kamili! Ukikwisha kulika mpaka sentimita 9, unabaki kilo 3, ule wa wasichana chini ya miaka 18. Ukilika mpaka sentimita 8, ni kilo 2, wa watoto wadogo. Kiwanda kinatupimia bila kujua. Tulinunua mitatu kwa muuza mitraye, na nikaomba karatasi ya kununua, maana sitaki mtoto akutwe njiani na chuma cha kampuni aulizwe amekitoa wapi. Karatasi iko kwa mtunza feza. Duara tulichora na chokaa, chokaa haitupungukii. Mkuki ni mwanzi na kichwa cha mpira wa tairi, maana cha chuma sikukitaka kwa sasa.

Chuma hakitupwi, kinasukumwa. Kinakaa shingoni chini ya taya, na mkono hauruhusiwi kukirudisha nyuma ya bega. Mtoto aliyezoea mawe anataka kukitupa kama jiwe, na njo hapo bega linapasuka. Wiki tatu za kwanza hawatupi kabisa: wanainama, wanaruka, wanasukuma ukuta. Wananichukia. Wiki ya ine wanaelewa.

Na hatari nyingine ni ya wazi. Siku ya tatu ya juma, mwezi uliopita, mbuzi wa mtu alivuka kiwanja wakati msichana alikuwa amezunguka tayari. Nililalamika kwa sauti moja, «Simama!», na akasimama na chuma shingoni. Wiki nyingine ni mtoto wa miaka mitatu anafuata kaka yake. Telefone, ninyi wazee, haiwezi kusema simama. Mutu mzima lazima asimame pale, kila mara, na yule mutu akisimama pale hayuko sokoni, hayuko shambani, na watoto wake nyumbani wanakula pia. Malipo tunayoomba ni hayo. Kuhusu majiwe, baba alikuwa na haki: hayo ni ya bure.

Nitasema juu ya watoto watatu bila majina yao, kwa sababu kura ya leo ni yao.

Wa kwanza ni kijana ambaye mkono wake wa kuume hauinuki toka kuzaliwa. Mama yake hakutaka aje. Aliniambia: «Mwalimu, batamucheka. Mu nyumba hatumucheke, wacha abakie mu nyumba.» Nilielewa mama yule. Nilimuomba amlete siku moja aokote mipira tu. Mnajua nilikuwa nafikiri nani. Sasa anasukuma na mkono wa kushoto, kilo 3, na miguu yake ni mizuri kuliko ya wote kwa sababu hana mkono wa kumdanganya. Katika michezo ya Paralimpiki kuna kundi lao, watupaji wenye shida ya mkono mmoja, kwa chuma na kwa mkuki. Sijui kama atafika kule, na sikumuahidi. Ninajua tu kwamba sasa anakuja masomo siku zote, na zamani alikuwa anakosa. Na bamama wenye watoto wachanga: mukiona mkono mmoja wa mtoto hauchezi baada ya kuzaliwa, musingojee, mupelekeni lupitalo mu majuma ya kwanza, kuna mazoezi ya kunyoosha ambayo yanasaidia wakati mtoto angali mdogo.

Wa pili ni msichana, mrefu, wa mabega. Shangazi yake alikuja kuniona: «Mama, ukimutia nguvu vile, nani atamuoa?» Nikamuonyesha pete yangu. Alicheka, lakini swali lake liko na linaumiza msichana yule kuliko chuma. Mwaka huu alishinda wasichana wenzake wa masomo mengine mu mashindano ya hapa Likasi. Shangazi alikuwa pale. Hakusema kitu, ila alimbebea mfuko.

Wa tatu hayuko tena. Alikuwa na nguvu kuliko wote. Alisoma Zambia mpaka darasa la saba kwa Kingereza, hapa wakamrudisha chini miaka miwili juu ya Kifaransa, akakaa na watoto wadogo, mtu wa ndevu. Kwenye kiwanja hakuna aliyemuuliza lugha. Mita ni mita. Alikaa nami miezi mitano. Kisha mfuko wa chama ukakauka, nikapunguza siku toka tatu mpaka moja, nikaenda kutafuta kazi ya juma kama kila mtu. Siku zile zilizobaki tupu, rafiki zake walimuita kwenye mashimo, kuchimba. Yuko kule mpaka leo. Nilimuona barabarani, vumbi mpaka kope, akaniita «Kocha» na akakimbia kunisaidia mzigo. Sisemi chama kilimpeleka mashimoni. Nyumbani kwao kulikuwa njaa. Ninasema hesabu ya siku: siku tatu alikuwa wangu, siku moja hakuwa.

Sasa maombi, kwa kifupi, maana ninaona prezida anaangalia saa.

Tunaomba mambo matatu. Malipo ya mwalimu wa siku tatu kwa juma, kwa mwaka wa masomo mzima, bila kukatwa katikati. Ikiwa mfuko hautoshi, afazali mseme leo siku mbili za hakika kuliko tatu za kutumaini. Mwalimu wa pili wa kujifunza pembeni yangu, kijana wa hapa, kwa sababu mimi nikiugua au nikihama, mambo yote yanakwisha, na mmesikia vile yalikwisha Marekani. Na nauli ya watoto kwenda kiwanja cha Kikula siku za mashindano, maana kutembea toka hapa na kisha kutupa, miguu inafika imekufa. Kwa wafazili: viatu vya mitumba vya soli laini tunapokea. Mikuki ya kweli, msitume bado. Tumeni kwanza mtu anayejua kuifundisha, hata kwa majuma mawili.

Na baba aliyeuliza swali, nakualika. Siku ya posho, saa tisa, kiwanja nyuma ya masomo. Leta telefone yako, nitahitaji mutu wa kupiga picha za visigino vya watoto ili nichunguze usiku. Na ukikubali, utasimama upande wa njia, kazi yako itakuwa mbuzi.